Usiniambie Matokeo

Ndugu yangu mwanamume unayesoma hapa, kabla hatujafika mbali, vua shati usimame mbele ya kioo, uguse kifua chako. Usicheke. Mimi nilicheka miezi mitano, na kicheko hicho kilinipotezea titi moja. Ndiyo, titi. Sikujua kwamba mwanamume ana titi la kuugua hadi walipolikata la kwangu, na mpaka leo nikilitaja mbele ya watu huwa naangalia mlango kwanza.

Naitwa Mwalimu Ouma. Nafundisha hesabu katika shule moja ya upili hapa Kisumu, na jioni nawafunza wavulana mpira wa kikapu. Naishi Mamboleo na mke wangu Wambui, ambaye majirani humwita Nyar Nyeri, yaani binti wa Nyeri, na ambaye huuza vitambaa vya mapazia pale njia panda. Tuna binti mmoja, Akinyi, aliye kidato cha tatu.

Nina ugonjwa mwingine wa tangu ujana, nao ni ligi kuu ya vilabu vya Ulaya ya mpira wa kikapu wa wanaume. Wenzangu wanapenda ile ya Marekani ya kurukaruka. Mimi napenda hii, ambako mchezaji aliyezeeka, asiyeweza kuruka hata gazeti lililolala sakafuni, anamtoa kijana jasho kwa akili tu. Timu yangu sitaitaja nisije nikajitafutia maadui bure. Mechi zao huchezwa nikiwa nimeshalala, kwa hiyo huzitazama kesho yake asubuhi kwenye simu. Hapo nina sheria moja ambayo nyumba nzima inaijua: mtu asiniambie matokeo. Sifungui ujumbe wala sisomi habari mpaka nimalize dakika zote arobaini. Mwalimu mwenzangu aliwahi kunitobolea matokeo ya fainali kwenye chumba cha walimu, na tulikaa muhula mzima bila kusalimiana.

Sheria hiyo nusura iniue, na ndiyo sababu naandika.

Ilianza mwezi wa tano, mvua ikiwa bado inanyesha. Tulikuwa mazoezini, kijana mmoja akageuka vibaya akanipiga kiwiko kifuani, upande wa kushoto. Nilipokuwa naoga nikahisi kitu chini ya chuchu, kigumu, kama punje ya mahindi. Nikasema ni kile kiwiko. Nikanunua dawa ya kuchua, nikawa najichua asubuhi na jioni, kwa bidii ya mtu anayepika ugali. Mwezi wa saba punje ikawa harage. Mwezi wa nane chuchu ikaanza kuingia ndani, kana kwamba kuna mtu anaivuta kutoka upande wa pili. Bado nilikuwa nalaumu kiwiko. Kocha yeyote wa kikapu angefanya kosa lile lile, maana sisi kila maumivu tunayajua yalitoka kwa nani na katika robo ya ngapi.

Siku moja Wambui alikuwa anafua. Akaja sebuleni na shati langu jeupe.

"Baba Akinyi, hii damu ni ya nini?"

"Ni kalamu nyekundu. Nilikuwa nasahihisha mitihani."

"Kalamu gani inavuja chini ya vesti?"

Kesho yake alifunga duka, akanipeleka hospitali mwenyewe kama mtoto aliyekataa chanjo. Wakanichoma sindano nene kwenye ule uvimbe, wakachukua kipande, wakaniambia nirudi baada ya wiki mbili kuchukua majibu nimpelekee daktari.

Nilirudi peke yangu. Nikapewa bahasha iliyofungwa kwa gundi. Nakumbuka ilikuwa nyepesi sana, na wepesi wake ndio ulionitia hofu. Nikaiweka kwenye faili la timu, katikati ya karatasi za pointi. Wambui alipouliza, nikamwambia mashine imeharibika, majibu hayajatoka. Siku tatu zikawa wiki, wiki zikawa tatu. Kila nikitaka kuifungua nilijiambia acha msimu uanze kwanza, nikishatazama mechi ya kwanza nitakuwa na nguvu. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Msimu ukaanza mwezi wa kumi. Siku ya mechi ya kwanza Akinyi alikuwa anatafuta karatasi ya kuchorea, akafungua faili. Bahasha ikaangukia miguuni mwa mama yake.

Wambui hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alisoma tarehe iliyogongwa mhuri juu yake, akakaa kitini polepole.

"Wiki tatu," akasema. "Ulikuwa unangoja nini? Marudio ya asubuhi?"

"Nilikuwa naogopa."

"Na mimi nisiogope? Hii si mechi, Baba Akinyi. Hii haina marudio."

Akaichana palepale. Maneno yenyewe hatukuyaelewa, lakini kesho yake tulikuwa mbele ya daktari, mwanamke kijana ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Akasoma, akavua miwani, akasema, "Ni saratani ya matiti."

Nataka niseme ukweli wote. Niliposikia maneno hayo niligeuka nikamtazama Wambui, nikamwonea huruma. Nilinyoosha mkono nimshike bega. Kwa muda kama wa kuhesabu moja hadi tatu, nilidhani ni yeye aliyeambiwa. Halafu nikaona wote wawili wananitazama mimi, na masikio yangu yakaanza kulia. Maneno mengine aliyosema daktari siku hiyo sikuyasikia. Wambui ndiye aliyeyaandika.

Siku ya upasuaji muuguzi alikuja na gauni la hospitali, akampa Wambui.

"Mama, vaa hii. Mzee atakungoja hapa nje."

"Si mimi," Wambui akasema. "Ni yeye."

Muuguzi akaangalia faili, akaniangalia mimi, akarudi kwenye faili. Gauni lilikuwa na maua ya waridi. Nilivaa, ningefanyaje. Nilipoamka kifua cha kushoto kilikuwa kimefungwa bendeji, chini yake hakuna kitu, na kuna mpira mwembamba unaotoa maji mekundu kwenye chupa. Nilitembea na chupa ile wiki nzima nikiificha chini ya koti. Shuleni nilisema nina nimonia. Wavulana wangu wakanitumia kadi ya kuniombea mapafu.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja nikaanza dawa ya mishipani. Zilikuwa awamu nane, moja kila wiki tatu, na tangu hapo sikuhesabu tena siku kwa kalenda. Nilihesabu kwa sindano na mechi. Awamu ya kwanza timu yangu ilikuwa ya kumi na moja. Awamu ya pili ilipanda hadi ya tisa, nami nikawa siwezi ugali, harufu yake tu inanitapisha. Dawa yenyewe, katika awamu nne za kwanza, ni nyekundu kama juisi ya sherehe, na ukienda haja ndogo inatoka nyekundu. Mara ya kwanza nilipoiona nilipiga mayowe chooni. Hakuna aliyekuwa ameniambia.

Benchi la kungojea lilikuwa la wanawake watupu. Wanaume waliokuwepo walikuwa wamesindikiza. Kila mara mtu mpya akija alinisogelea akauliza mke wangu anaendeleaje, nami nilijibu hajambo, na huo haukuwa uongo. Nilikaa pembeni kabisa, simu mkononi, natazama mechi ya jana bila sauti.

Pembeni yangu, siku ya awamu ya pili, akakaa mama mmoja mnene wa makamo, leso mbili, kichwa kimefungwa kitambaa cha kijani. Alikuwa anatoka Usenge, ambako alikuwa akianika omena, dagaa wa ziwani, na kuwauzia wanunuzi wa jumla. Jina lake Risper. Alitazama simu yangu kwa muda mrefu bila haya.

"Hawa watu wanakimbilia nini?"

Nikamweleza.

"Na nani alishinda?"

"Sijui. Ilichezwa jana. Ndiyo naitazama."

"Ilichezwa jana na hujui? Si uulize mtu?"

"Mama, tafadhali. Mimi sitaki kuambiwa."

Akanitazama kama mtu aliyeona samaki akipanda mti. "Mwalimu, moyo yako ni ya aina gani? Mimi lazima nijue mwisho kwanza. Nikishajua, ndio naweza kaa nikaona vizuri. Bila hivyo naumia bure."

Halafu, kwa sauti ileile, akaniuliza, "Na wewe ni ya kushoto ama ya kulia?"

Nilikuwa nimevaa koti. Pale benchini hakuna aliyejua.

"Kushoto," nikasema.

"Mimi ni zote mbili. Usione aibu, hata sisi hatukuagiza."

Sijui kama nitaweza kueleza wepesi niliousikia. Kwa miezi mingi nilikuwa nimebeba siri ile kama gunia, na mama mmoja wa omena aliitua chini kwa maneno machache.

Tangu siku hiyo awamu zetu zilikwenda pamoja. Alimwomba muuguzi atupange siku moja. Mechi tulizitazama wote, simu tukaiegemeza kwenye chupa ya maji kati yetu, na wanawake wengine wakaanza kusogea. Timu yangu ina mchezaji mmoja wa kupanga mashambulizi, mzee kwa umri wa mchezo, mwenye kipara kinachong'aa. Kufikia awamu ya tatu sote benchi zima tulikuwa hatuna nywele, hata nyusi. Risper alimwona yule akasema, "Huyo ni wa kwetu. Ametoka kwa sindano." Akawa ndiye mchezaji wao. Akikosa, wanasikitika, akifunga, wanapiga makofi mpaka muuguzi anatoka. Risper mwenyewe alikuwa anamtuma binti yake Adhiambo amtafutie matokeo mapema, kisha anakaa kimya anatabasamu, anajua, nami najua kwamba anajua. Sikuthubutu kumtazama usoni robo ya nne.

Nyumbani hakukuwa na makofi. Krismasi tulikwenda kumsalimia mama yangu huko Bondo. Kwetu, watu wa nyumba moja hunyolewa kichwa baada ya mazishi. Mama aliponiona nimevua kofia, aliangusha sahani.

"Nani amekufa?" akauliza. "Mbona hamkuniambia? Ni nani?"

Nikamwambia hajafa mtu, ni dawa. Hakuamini. Aliwahesabu wajukuu wake wote kwa majina, mmoja mmoja, mpaka Wambui akamshika mikono akamweleza kila kitu. Mimi nilitoka nje. Kwenye gari la kurudi Wambui alisema, "Nimechoka kuwa mdomo wako." Alikuwa na haki. Ugonjwa ulikuwa wangu, lakini kila neno gumu alilisema yeye.

Mambo madogo ndiyo yalitubeba. Akinyi alijifunza kupika uji wa wimbi ambao tumbo langu halikuukataa. Muuguzi wa lile gauni akawa ananiwekea kiti cha dirishani. Dawa ikanipa joto la ghafla, jasho linanitiririka katikati ya somo, na Wambui akacheka kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi: "Sasa utajua mama yangu alikuwa anasema nini alipokoma hedhi." Kucha zilibadilika rangi, vidole vya miguu vikafa ganzi. Sikuweza kudunda mpira.

Mwezi wa tatu timu yangu ilikuwa ya saba. Siku ya awamu ya sita, robo ya tatu, mechi ya roho mkononi, Risper aliniwekea mkono begani.

"Mwalimu, kuna kitu nataka nikwambie."

"Usiniambie," nikasema, macho kwenye simu.

"Si hiyo ya..."

"Mama Risper, tafadhali. Usiniambie."

Akaondoa mkono. Akacheka kidogo. "Haya. Nimenyamaza."

Tulishinda siku hiyo. Nilishangilia, naye alishangilia.

Awamu ya nane, iliyocheleweshwa kwa wiki moja, niliimaliza mwanzoni mwa mwezi wa tano. Yeye hakuwepo siku hiyo. Adhiambo alinipigia simu akasema mama amechoka, ameambiwa apumzike nyumbani. Nikaongea naye mwenyewe. Timu yetu ilikuwa imeingia zile nne za mwisho zinazokutana katika mji mmoja kumaliza msimu, na kipara alikuwa amecheza kama kijana. Risper akasema nikija kuchukua majibu ya picha za mwili Jumatatu, siku moja baada ya fainali, tukutane kwenye benchi letu.

"Hiyo ya mwisho tutaangalia kwa njia yako," akasema. "Sitauliza mtu. Lakini wewe bahasha yako utafungua kwa njia yangu. Hapo hapo."

Nikakubali.

Jumatatu nilifika mapema na Wambui. Tangu Jumamosi sikuwa nimefungua data. Nikachukua bahasha, nikakaa, nikaegemeza simu kwenye chupa ya maji. Saa tatu ikafika, kisha saa nne. Halafu nikamwona Adhiambo anakuja peke yake, amevaa kitambaa cha kijani cha mama yake.

Nilijua kabla hajafungua mdomo. Hata hivyo niliinua kiganja, kama ninavyofanya siku zote, kumzuia asiseme. Akasimama. Wambui akaushika mkono wangu akaushusha.

"Mama alitangulia Ijumaa," Adhiambo akasema.

"Lakini nilizungumza naye. Alisema amechoka tu."

"Ilikuwa imeingia kwa ini. Alipewa majibu mwezi wa tatu. Alisema atakwambia wewe wa kwanza, juu watu wa nyumbani watalia." Akakikaza kile kitambaa cha kijani. "Alirudi akasema, mwalimu hapendi kuambiwa. Hakukasirika. Alicheka tu."

Nimepigwa viwiko vingi maishani. Hakuna kilichowahi kunipiga pale. Aliniwekea mkono begani, akaniomba nimsikilize, nami nilikuwa natazama watu wa Ulaya wakikimbia. Alibeba kifo chake mwenyewe miezi miwili, akakaa pembeni yangu akipiga makofi, kwa sababu mimi nilikuwa nimeweka sheria.

Nikampa Wambui bahasha. Kisha nikamnyang'anya, nikaichana mwenyewe. Hapo hapo, kama tulivyopatana. Hakukuwa na saratani iliyoonekana popote. Ningemeza vidonge miaka mitano, na kurudi kila baada ya miezi mitatu. Wambui alilia kwa furaha na Adhiambo akamkumbatia, yeye aliyefiwa akimbembeleza aliyepona. Mimi nilikaa tu. Sikujua uso wangu niuweke wapi.

Tulimzika Usenge baada ya wiki mbili. Hema lilikuwa limejaa, wavuvi, wanunuzi wa samaki, wanawake wa kanisa, na nyuma yao vyandarua vya kuanikia omena vimetandazwa kama kawaida, maana kazi yake ilikuwa inaendelea. Msemaji akaita rafiki wa hospitali. Nikapewa kipaza sauti. Fainali bado sikuwa nimeiona wala kuisikia. Mbele ya watu wote nikatoa simu, nikafungua data, nikatafuta.

"Mama Risper," nikasema, nikilitazama jeneza, "nimekuletea matokeo kwanza, vile unapenda. Tumefungwa kwa pointi moja. Kipara alipewa mitupo miwili mwishoni. Alitia wa kwanza. Wa pili uligonga chuma."

Watu walitazamana. Adhiambo alicheka huku analia. Kisha nikawaambia yaliyobaki. Nikasema mimi si ndugu wala si mkwe, tulikuwa na ugonjwa mmoja, wa titi, na langu la kushoto halipo. Nikafungua kifungo cha juu cha shati, nikaacha hapo, lakini walielewa. Wanaume wa safu ya mbele waliinamisha macho.

Baadaye, watu wakiwa wanakula, mwanamume mmoja wa kutengeneza injini za boti alinifuata hadi nyuma ya hema. Alikuwa mkubwa kuliko mimi, mikono imejaa grisi. Aliangalia kushoto na kulia, akafungua shati.

"Mwalimu, hii nilijigonga kwa boti. Mwaka jana."

Niliweka kidole. Ilikuwa ngumu, kama harage.

"Twende Jumatatu," nikasema.

"Nitaenda. Lakini wakikupatia hiyo karatasi, tafadhali, usiniambie ni nini."

Nilimfungia vifungo vyake, kimoja kimoja, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vinakataa.

"Nitakwambia," nikasema. "Nitakaa na wewe, na nitakwambia."

Jumatatu saa mbili asubuhi tulikuwa wa kwanza kwenye benchi. Muuguzi alipotoka akauliza nani kati yetu ni mgonjwa, na sote wawili tukainua mkono.